Kutoka Windows 7 au XP Bila Kupoteza Faili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwenye kompyuta kuukuu ambayo bado inamfanyia kazi: ya steshenari, ya ofisi ya shule, ya duka la dawa, au laptopu ya nyumbani yenye picha za watoto tangu walipozaliwa. Nyingi kati ya hizo zinaendesha Windows 7, na chache ziko XP mpaka leo. Maswali ni yale ambayo mafundi huulizwa kila wiki. Ukiwa na haraka, soma la 5, la 6 na la 8 kabla hujagusa kitu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kompyuta yangu inafanya kazi vizuri. Kwa nini niiguse?

Kwa sababu kilichobadilika ni dunia inayoizunguka. Microsoft iliacha kuitolea Windows XP viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Hata mashirika yaliyolipia muda wa ziada wa Windows 7 yalifika mwisho wake Januari 2023, na mwezi uliofuata Chrome nayo ikajitoa: toleo la 109 ndilo la mwisho linaloingia kwenye Windows 7. Kwenye XP iliishia la 49. Ndiyo maana tovuti zinazofunguka vizuri kwenye simu zinagoma kwenye kompyuta hiyo, na wewe unadhani tatizo ni bando.

Upande wa usalama, mfano unaojulikana ni WannaCry. Mei 2017 ilisambaa duniani kupitia kasoro katika mfumo wa Windows wa kushirikisha faili kwenye mtandao, ikifunga faili za watu na kudai Bitcoin. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Wakati ule kiraka kilikuwepo. Kasoro inayogunduliwa leo kwenye Windows 7 haina kiraka cha kusubiri.

Hali moja tu ndiyo ninayokubali kuiacha kompyuta ilivyo. Iko kwenye swali la 19.

2. Nitajuaje nina toleo gani?

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika `winver`, kisha Enter. Halafu bonyeza kitufe hichohicho pamoja na Pause: utaona prosesa, kiasi cha RAM, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Viandike kwenye karatasi. Suala la biti ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloamua nusu ya majibu yanayofuata.

3. Naweza kuruka kutoka Windows 7 moja kwa moja hadi 11?

Ukitaka programu zako zibaki, hapana. Windows 11 haipandi juu ya Windows 7. Itakubali kusakinishwa upya tu. Njia inayobakiza kila kitu ni 7 kwenda 10, kisha 10 kwenda 11 endapo mashine inakidhi masharti, na mashine nyingi za enzi hizo hazikidhi (swali la 12).

Hakuna pia njia ya kutoka biti 32 kwenda biti 64 huku programu zikibaki, hata kama prosesa yenyewe ni ya biti 64. Aina ya Windows 7 uliyonayo nayo ina uzito: Starter, Home Basic na Home Premium huangukia Windows 10 Home, Professional na Ultimate huangukia Pro. Lugha ya mfumo lazima ifanane, la sivyo chaguo la kubakiza programu halitabonyezeka.

4. Kupandisha toleo na "kupiga Windows" vina tofauti gani?

Kupandisha ni kuanzisha kazi ukiwa ndani ya Windows ya zamani. Mfumo unabadilishwa, faili na programu zinabaki mahali pake. Kupiga Windows ni kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, kufuta patisheni ya C (sehemu ya diski yenye Windows) na kuweka mfumo mtupu. Njia ya pili ndiyo ya haraka, na fundi mwenye foleni ya mashine mezani ataichagua bila kukuuliza.

Kabla ya kumwachia mashine, muulize: "C unaifuta au unaipandisha?" Akijibu "usijali, data zako zipo," beba mashine yako uondoke.

## Kabla ya kugusa kitu

5. Njia ipi ni salama kuliko zote?

Ile ambayo diski ya zamani haiguswi kabisa. Nunua SSD mpya (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, toa diski ya zamani, weka SSD mahali pake, na usakinishe mfumo mpya juu ya SSD hiyo. Kisha tia diski ya zamani kwenye kasha la USB, uichomeke kama flashi, na ukopi unachohitaji. Ukikwama popote, unairudisha ndani na kompyuta inawaka kama jana. Kazi ya kesho asubuhi haisimami.

Watu wengi huona hii ni gharama isiyo ya lazima. Mimi naiona ndiyo gharama pekee ya lazima katika zoezi lote, kwa sababu hasara kubwa hutokea pale mtu anapofanya majaribio juu ya nakala pekee aliyonayo. Na SSD inalipa yenyewe kwa kasi: Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka itashangaza watu ofisini. GB 240 inatosha kwa ofisi nyingi ndogo.

Kwenye deskitopu huna haja ya kuitoa diski ya zamani nje ya kasha. Chomoa kebo zake tu wakati wa kusakinisha, na hakikisha umezichomoa kweli: kisakinishi cha Windows kikiona diski mbili kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na siku ukiitoa, mashine haiwaki.

Vikwazo viwili. Mashine kongwe zenye kebo pana na bapa za IDE hazipokei SATA. Na diski iliyozunguka miaka kumi si bakapu ya kutegemea peke yake. Tengeneza nakala nyingine kama swali la 8 linavyoeleza.

6. Faili zangu ziko wapi hasa? Mimi huhifadhi tu.

Anza na folda yenye jina lako ndani ya `C:\Users`. Kwenye XP ni `C:\Documents and Settings`. Humo ndimo yamo Desktop, Documents, Downloads na Pictures. Kama kompyuta ina akaunti zaidi ya moja, kila akaunti ina folda yake, na ile ya karani aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita mara nyingi ndiyo yenye barua unazozitafuta.

Halafu yapo yaliyojificha. Barua pepe za Outlook hukaa kwenye faili lenye mwisho wa `.pst`: kuanzia Outlook 2010 huwa ndani ya Documents, kwenye folda iitwayo Outlook Files, matoleo ya nyuma huliweka ndani ya AppData, folda ambayo haionekani mpaka uiambie Windows ionyeshe vilivyofichwa. Thunderbird pia huweka barua ndani ya AppData, kwenye Roaming. Vikaratasi vya njano vya Sticky Notes, ambavyo watu huandikia namba za simu na nywila, viko kwenye faili `StickyNotes.snt` hukohuko Roaming.

Programu za hesabu ndizo huliza watu. QuickBooks hupenda kuweka faili la kampuni, lenye mwisho wa `.qbw`, chini ya `C:\Users\Public\Documents`, nje kabisa ya folda ya mtu yeyote. Programu nyingine huweka data ndani ya folda yao wenyewe kwenye mzizi wa C, au ndani ya ProgramData kama zinatumia hifadhidata. Fungua programu yenyewe, itafute menyu yake ya kutengeneza bakapu, na uitumie. Hilo ni bora kuliko kukopi folda huku programu iko wazi.

Steshenari wana la ziada: fonti. Kadi za harusi na vyeti ulivyosanifu vitabadilika sura kama fonti zake hazipo kwenye mfumo mpya. Kopi folda yote ya `C:\Windows\Fonts`.

Mwisho, fungua C na usome majina ya folda moja moja. Zisizo Windows, Program Files, Users wala PerfLogs ziliwekwa na mtu au programu fulani. Zote zikopiwe.

7. Nimehamishia kila kitu D. Inatosha?

Haitoshi. Kwenye kompyuta nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja: diski ikifa, vyote vinakufa pamoja. D inakukinga na fundi anayefuta C peke yake. Haikukingi na fundi anayefuta patisheni zote, wala na diski mbovu, wala na mwizi.

8. Nikopi kwenye nini, na kwa njia gani?

Kwenye diski ya nje, na vile vya thamani zaidi, kama faili la hesabu, vyeti na picha, kwenye kifaa cha pili pia. Kuvuta na kuachia kwa mausi kunatosha kwa folda chache. Kwa folda nzima ya mtumiaji, `robocopy` ni bora, nayo imo ndani ya Windows 7. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike hivi, ukibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski:

`robocopy C:\Users\Asha E:\Bakapu\Asha /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\bakapu.txt`

Hiyo `/XJ` ni muhimu: bila hiyo amri inaweza kuingia kwenye njia za mkato za mfumo na kuzunguka humohumo bila mwisho. `/R:1` inazuia kung'ang'ania faili lililogoma. Ukimaliza, fungua `bakapu.txt` usome idadi ya yaliyoshindikana.

Faili kubwa kuliko GB 4 likikataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32. Ikiwa tupu, ifomati kwa NTFS.

Nakala ambayo haijafunguliwa si nakala. Ichomeke diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua hati kadhaa, cheza video moja, fungua faili la hesabu. Kisha ichomoe na uiweke mbali na meza ya kazi.

9. Nywila nilizohifadhi kwenye Chrome zitakuja zenyewe nikikopi folda?

Alamisho zitakuja, nywila hazitakuja. Chrome huzifunga kwa ufunguo uliofungamana na akaunti yako ya Windows, kwa hiyo kwenye Windows mpya hazifunguki. Andika `chrome://settings/passwords` kwenye sehemu ya anwani, bofya vile vidoti vitatu, na uzitoe kama faili la CSV. Faili hilo linasomeka na yeyote, hivyo lifute mara tu ukishaziingiza kwenye kivinjari kipya. Nywila ya Wi-Fi iandike pembeni.

10. Nitajuaje kama diski yangu bado ni nzima?

Tumia CrystalDiskInfo, ni ya bure. Rangi ya bluu ni salama. Ikionyesha njano au nyekundu, tazama mistari ya 05 na C5: hiyo inahesabu sehemu za diski zilizokufa na zinazosubiri hukumu. Hapo ahirisha habari za kupandisha toleo. Kopi data kwanza, ukianza na ya thamani.

Usiendeshe `chkdsk /r` kwenye diski inayokufa kabla hujakopi. Amri hiyo inasoma diski nzima kipande kwa kipande, na inaweza kuwa ndiyo safari yake ya mwisho. Diski inayogonga au kukwaruza kwa sauti izimwe, ipelekwe kwa mtu wa kuokoa data.

11. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kisakinishi cha Windows 10 mara nyingi huweza kurudi kilikotoka, lakini usikitegemee. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji. Deskitopu iwe kwenye UPS. Angalia uniti za LUKU kabla ya kuanza, kwa sababu kuna wanaokatikiwa si na TANESCO bali na mita yao wenyewe.

## Kuchagua pa kwenda

12. Mashine yangu itabeba Windows 11?

Kama ilitoka kiwandani na Windows 7, karibu hakika haitabeba kwa masharti rasmi. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen 2000 na kuendelea, isipokuwa chache mno. Vizazi hivyo vilitoka baada ya watengenezaji kuachana na Windows 7.

Kusoma kizazi ni rahisi: tazama tarakimu baada ya kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8. I5-4300U ni cha 4. Hilo litakusaidia pia unaponunua mtumba, maana muuzaji atakuambia "Core i5" na kunyamaza.

Zipo hila za kuruka masharti hayo, na Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kusakinishia, inaweza kukutengenezea ya namna hiyo. Inafanya kazi, ila Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta hizo hazina haki ya kupata masasisho. Kuanzia toleo la 24H2, prosesa za Core 2 Duo haziwaki kabisa, hila au bila hila. Kwa kompyuta ya ofisi siishauri.

13. Windows 10 nayo si imeshafika mwisho?

Ndiyo, tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa ziada kwa watumiaji wa kawaida uliwekewa ukomo wa 13 Oktoba 2026. Unaupata ukiwa na toleo la 22H2, kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe huko, au kwa kulipa dola 30.

Kwa hiyo Windows 10 ni kituo cha njiani. Ina maana pale tu unapobanwa na programu ya Windows usiyoweza kuiacha, na unahitaji muda wa kutafuta fedha za mashine nyingine. Usiingie gharama kubwa kwa ajili yake. SSD uliyonunua (swali la 5) utahama nayo.

14. Linux je? Nimesikia haina virusi na ni ya bure.

Linux ni mfumo unaochukua nafasi ya Windows, na ya bure ni kweli. Virusi vya Windows havikimbii humo, ingawa hakuna mfumo usioweza kushambuliwa. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64, Linux Mint ndiyo ningeianzia, toleo lake la Xfce kwa mashine dhaifu. Mfululizo wa 22 unapata masasisho hadi 2029. Uzuri wake ni kwamba unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kusakinisha: angalia kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi, kisha zima, na Windows yako iko vilevile.

Kazi za maandishi zitafanywa na LibreOffice, uzao wa OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kiliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina Jambo OpenOffice. Hati za Word zinafunguka, japo zenye majedwali mengi husogea. Makro za Excel hazitabiriki. Anayeishi kwa CorelDRAW, Photoshop au QuickBooks ya kompyuta asihamie; atarudi ndani ya wiki.

Kisakinishi kikifika kwenye suala la diski, kuna chaguo la kufuta diski nzima, nalo linafanya hasa kinachosema. Likubali kwenye SSD mpya tu.

15. Yangu ni XP.

Usiipandishe. Mashine nyingi za XP zina RAM ya MB 512 au GB 1, na fedha ya kuzifufua inakaribia bei ya laptopu ya mtumba. Toa data, kisha istaafishe. Diski ya IDE inasomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya IDE kwenda USB. Barua za Outlook Express ziko kwenye faili za `.dbx`, hakuna programu ya barua ya Microsoft ya leo inayozifungua moja kwa moja, kwa hiyo zihamishie Thunderbird wakati XP yenyewe bado inawaka.

16. Ufunguo wa kibandiko cha Windows 7 utafanya kazi kwenye Windows 10?

Ofa rasmi iliisha 29 Julai 2016, lakini kwa miaka mingi funguo hizo ziliendelea kukubaliwa. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kuufunga mlango huo. Kwa mashine isiyowahi kuwa na Windows 10, hesabu bei ya leseni. Iliyowahi kuamilishwa zamani huwa na leseni iliyofungamana na ubao mama. Kubadilisha diski hakuiondoi.

Kuhusu kraki: programu ndogo ya kuamilisha inaomba uzime antivirusi na uipe mamlaka yote. Baada ya kuhangaika hivi kuokoa data, usimkabidhi mgeni funguo za nyumba.

## Siku ya kazi

17. Nipe hatua za kupandisha 7 kwenda 10.

Pakua faili la ISO (Windows 10 nzima ndani ya faili moja) kutoka tovuti ya Microsoft kwa kompyuta nyingine, maana Windows 7 husumbuka na upakuaji huo. Ni kati ya GB 4 na 6, hivyo tafuta Wi-Fi au bando la usiku. Litumie kutengeneza flashi ya kusakinishia ya GB 8 au zaidi, kwa Rufus kwa mfano.

Kwenye mashine yenyewe, hakikisha Windows 7 ina Service Pack 1 na C ina nafasi ya GB 32 iliyo wazi. Ondoa antivirusi ya ziada. Chomoa kila kifaa cha USB kisicho cha lazima, bakapu yako ikiwa ya kwanza. Kisha, ukiwa ndani ya Windows 7, fungua flashi na uendeshe `setup.exe`. Itakupa machaguo matatu: kubakiza faili na programu, kubakiza faili pekee, au kutobakiza kitu. La kwanza likiwa halibonyezeki, simama. Rudi swali la 3.

Kosa linalojirudia ni lile linalolalamikia patisheni ya System Reserved. Windows 7 huitenga kwa MB 100 tu, na ikijaa kazi haiendi. Inahitaji kupanuliwa, na kazi ya kupanua patisheni ifanywe na mwenye uzoefu, bakapu ikiwa mkononi.

18. Nimewasha kutoka kwenye flashi, sasa inaniuliza patisheni. Nibonyeze ipi?

Usibonyeze. Kuwasha kutoka kwenye flashi kunakuondolea njia ya kupandisha. Unachoona ni usakinishaji upya. Kama hukukusudia hivyo, zima, toa flashi, rudi swali la 17.

Kama umekusudia na bakapu ipo, fahamu kwamba ukichagua C bila kuifuta wala kuifomati, Windows ya zamani na folda za watumiaji husogezwa kwenye folda ya `Windows.old`. Programu zitakuwa zimekufa, hati zitakuwepo.

19. Nina programu moja ya zamani isiyokubali mfumo mpya. Nifanyeje?

Kama inaendesha kifaa, mfano mashine ya maabara au ya kukata stika, iache kompyuta hiyo na Windows yake, uikate kabisa na mtandao, na isichomekewe flashi za wateja. Kama kompyuta inatuma risiti kwenye mashine ya EFD, mpigie aliyekuuzia kabla ya kubadilisha chochote.

20. Printa yangu ya LaserJet itaendelea kufanya kazi?

Kwenye Windows 10, zile ndogo zilizozagaa kama 1020 na P1102 zinaendelea. Kwenye Linux zinahitaji nyongeza ya HP ipakuliwe kupitia HPLIP, programu ya printa za HP kwenye Linux, kwa hiyo uwe na intaneti siku hiyo.

## Mambo yakienda kombo

21. Nimemaliza, lakini deskitopu ni tupu!

Tulia, na usisakinishe kitu kingine. Tafuta `C:\Windows.old`, ingia Users, utakuta folda ya jina lako. Kopi leo hiihii: Windows 10 huifuta folda hiyo yenyewe baada ya siku 10. Angalia pia kama umeingia kwa akaunti nyingine, na kama Desktop na Documents zimehamishiwa OneDrive, ambayo bure ni GB 5 tu na hujaa haraka.

22. Folda ya diski ya zamani inasema sina ruhusa.

Hilo ni la kawaida, kwa kuwa folda inamtambua mtumiaji wa Windows ile ya zamani. Ukiwa msimamizi, bonyeza Continue au badilisha mmiliki kwenye kichupo cha Security. Majina ya faili yakiwa ya kijani, ni jambo jingine: yamefungwa kwa EFS, kufuli la faili la Windows yenyewe, na bila cheti cha akaunti ya zamani hayafunguki. Rudisha diski ya zamani ndani, iwashe, ukatoe cheti hicho.

23. Kompyuta haiwaki kabisa. Data ndiyo imekwenda?

Mara nyingi haijaenda. Washa kwa flashi ya Linux Mint (swali la 14), chagua kuijaribu bila kusakinisha, fungua diski ya Windows kama folda ya kawaida, na ukopi kwenda diski ya nje. Kitufe cha kuchagua flashi ni F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi. Kwenye HP, Esc kisha F9.

24. Fundi keshafomati. Kuna la kufanya?

Zima kompyuta sasa hivi. Kila dakika inapowaka, mfumo mpya unaandika juu ya faili zako. Toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, na utumie PhotoRec au Recuva, ukihifadhi yanayopatikana kwenye diski tofauti. Ikiwa ni diski ya kuzunguka iliyofomatiwa haraka, mengi hurudi, ingawa PhotoRec huyarudisha bila majina yake. Ikiwa ni SSD, amri ya TRIM huwa imeshaondoa vilivyofutwa, na matumaini ni madogo.

25. Flashi niliyokopia imejaa shotikati zisizofunguka.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na kirusi kinachoficha faili na kuweka shotikati mahali pake. Faili zako zipo. Usibofye shotikati yoyote. Kwenye kompyuta safi yenye antivirusi, fungua dirisha la amri na uandike, kama flashi ni F:

`attrib -h -s -r F:\*.* /s /d`

Zitaonekana. Futa shotikati, pima flashi yote kwa antivirusi, ndipo uhamishe.

26. Diski ya zamani niiweke hadi lini?

Kwa biashara, hadi umefunga hesabu za mwaka mzima kwenye mfumo mpya. Ndipo hutokea lile faili ambalo hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa nyumbani, hadi picha ziwe sehemu mbili nyingine. Siku ya kuiuza au kuitupa, usiifomati haraka na kuiachia, kwa sababu mnunuzi naye anaweza kusoma swali la 24. Kwenye Windows 10, ichomeke na uifomati ukiwa umeondoa alama ya Quick Format: itaandikwa juu yote, na kwa diski ya GB 500 hilo litachukua saa kadhaa.